Samaki wa Januari Wako Kwenye Dimbwi la Agosti

 

Huu ni mwezi wa Julai. Asubuhi hizi za Kasulu, huku nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, mtu hatoki ndani bila sweta, na Kibondo ndiyo usiseme. Mvua ilishakata tangu Mei, maharage yameanikwa, upepo unakausha midomo, na jua linachelewa kupata nguvu. Kipupwe kimekaa. Na kila kipupwe kikikaa, sokoni huulizwa swali lile lile: samaki wako wapi?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Wako ziwani. Dagaa na migebuka hupanda kutoka Kigoma, mama anawapika kwa mawese, ugali wa muhogo unasongwa, watu wanakula. Lakini mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Ziangalie vizuri tarehe hizo. Ndicho kipupwe chenyewe, tangu kinapoingia hadi kinapokaribia kuaga. Ziwa likifungwa, mlaji wa nyanda za juu hafungi mdomo. Macho yake yanageuka upande wa pili, kwenye mito, mabwawa, mbuga na vinamasi vya Malagarasi na Muyovozi.

Mimi naunga mkono ziwa kupumzishwa, tena kwa mikono miwili. Jioni hii nataka tuyasemee yale maji mengine, maji ya kina kifupi yaliyo nyuma ya nyumba zetu, ambayo hakuna anayeyatangazia mapumziko. Nataka tuzungumze jinsi ya kuvua humo wakati wa baridi, kwa sababu kuna namna inayomlisha mtu leo na kumwachia kesho, na kuna namna inayomaliza ukoo mzima wa samaki kwa mchana mmoja.

Kwanza tukumbushane tuna nini. Mto Malagarasi unaanzia huku kwetu, kwenye milima ya mpakani na Burundi. Ajabu yake ni kwamba ziwa liko magharibi, karibu tu, lakini mto haulifuati. Unapanda kaskazini mashariki ukiwa mpaka wa nchi mbili, unaingia ndani ya Tanzania, unateremka kwenye bonde kubwa na kukutana na Muyovozi, unazama kwenye mafunjo, unapita eneo la maziwa ya kina kifupi ya Nyamagoma na Sagara, ndipo unageuka magharibi kupitia Uvinza kulitafuta ziwa ambalo ungeweza kulifikia tangu mwanzo. Wataalamu wanaeleza kwamba mto huu ni mkongwe kuliko Ziwa Tanganyika lenyewe. Kabla bonde la ufa halijafunguka na kujaa maji, ulikuwa ukitiririka moja kwa moja kuelekea Kongo. Ndiyo maana hadi leo ndani ya Malagarasi wamo samaki wenye ndugu zao katika Mto Kongo, ambao katika maji ya wazi ya Ziwa Tanganyika huwaoni.

Mwezi Aprili mwaka 2000 Tanzania iliandikisha ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi katika Mkataba wa Ramsar, ule mkataba wa dunia wa kulinda ardhioevu uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar kule Iran. Lilikuwa eneo la kwanza la nchi yetu kuingia katika orodha hiyo. Ukubwa wake ni hekta 3,250,000. Ukitaka kuupima kwa macho, chukua nchi nzima ya Burundi, jirani yetu, itie humo. Inaingia na nafasi inabaki. Masika mbuga zinazofurika zinaweza kufika hekta milioni 1.5. Kiangazi kikikolea, maji hurudi nyuma, na kinachobaki ni mkondo wa mto, maziwa hayo, mafunjo, na madimbwi yaliyotawanyika mbugani. Shika hilo la madimbwi, tutalirudia.

Sasa samaki. Huku kuna kambare, kuna kamongo anayevuta hewa kama sisi na kulala ndani ya tope maji yakikauka, kuna gogogo mwenye miiba, na kuna perege wa aina ambazo hazipatikani kwingine duniani. Mmoja jina lake la kitaalamu ni Oreochromis malagarasi, kabeba jina la mto. Mwingine ni karomo, aliyeandikwa na mtaalamu wa Ubelgiji, Max Poll, mwaka 1948. Miaka ya 1950 mtafiti Mwingereza, Rosemary Lowe, alikaa akawatazama karomo wanavyozaliana, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1956. Madume hukusanyika mahali pa maji mafupi, kila mmoja na kiwanja chake. Dume husafisha sakafu, hunyanyua kijukwaa bapa cha mchanga na udongo, kisha hukizungushia vishimo vidogo vidogo. Jike huja, hutaga, na papo hapo huyazoa mayai kinywani. Huko kinywani ndiko watoto wanakoanguliwa na kutunzwa. Mama huyo siku zote hizo karibu hali kitu. Leo karomo amewekwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka duniani.

Yupo na mwindaji. Wavuvi wa mchezo wa Marekani wana samaki wao wanayemhusudu kupita wote, wanamwita besi: mdomo mpana, anajificha kwenye majani, anavizia visamaki na kuvirukia. Wana vitabu na mashindano juu ya namna ya kumvua besi kwenye maziwa ya kina kifupi wakati wa baridi. Sisi hatuna besi, na hatumhitaji. Tunaye wetu wa ukoo wa perege, mwenye mdomo mpana na meno ya kukamatia, anayeishi kwa kuwinda samaki wadogo. Mtaalamu Ethelwynn Trewavas alimpa jina mwaka 1964: Serranochromis janus. Ndugu zake wako Zambezi na Kongo, na kule Zambezi watu hupanda ndege kutoka mbali kuja kuwavua kwa ndoano. Huyu wa kwetu yuko katika maji ya Malagarasi peke yake, na watoto wa Kibondo wanamaliza shule bila kumsikia. Naliona jambo hilo kuwa hasara kubwa.

Jirani zetu wa Kenya walimleta huyo besi. Mwaka 1929 alitiwa katika Ziwa Naivasha, ziwa la kina kifupi, lililo juu, penye baridi, ili walowezi wapate mchezo wa kuvua. Ziwa lile kabla ya hapo lilikuwa na samaki wachache mno, na kasamaki kadogo ka asili kalikokuwamo hakajaonekana tena tangu miaka ya 1960. Mwaka 1970 wakaongezewa kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani, nao wakashambulia mimea ya majini. Naivasha ya leo inavuliwa na watu wanakula, siwezi kukana, lakini karibu kila anachovua mtu pale kilipandikizwa na mkono wa binadamu. Malagarasi bado ina wenyeji wake wa asili.

Haya, tuje kwenye baridi na ndoano.

Samaki hana joto lake mwenyewe. Wewe ukipigwa na ubaridi, damu yako hubaki na joto lile lile. Mwili wa samaki unafuata maji. Maji yakipoa, moyo wake hupunguza mapigo, chakula husagika polepole tumboni, na njaa hupungua. Perege hustawi kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 huacha habari za kuzaa, na yakizidi kushuka hata chakula anakidonoa tu. Ndiyo maana mvuvi anayekwenda mtoni alfajiri ya Julai kama alivyozoea kwenda alfajiri ya Desemba hurudi mikono mitupu, anasema samaki wamekwisha. Samaki wapo. Wamelala.

Lakini hapa ndipo maji mafupi yanapotofautiana na ziwa. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470. Usiku mmoja wa baridi haulitikisi. Bwawa la kufika kiunoni, usiku usio na mawingu unalipoza lote hadi chini. Na jua nalo likitoka hulipasha upesi. Basi samaki wa maji mafupi huishi kwa kuhama ndani ya siku moja. Usiku na asubuhi hujibanza kwenye shimo, pale mkondo ulipochimba, au chini ya mizizi ya mafunjo. Kuanzia saa nne au saa tano hivi huanza kusogea pembeni, kwenye tope jeusi na matete yaliyokauka, kwa sababu tope jeusi hunyonya joto la jua. Saa saba hadi saa kumi alasiri ndio wakati wake wa kula. Jua likiinama, anarudi shimoni.

Upepo nao una kazi yake. Kipupwe upepo huvuma kutoka upande wa kusini mashariki siku nzima, na husukuma maji ya juu, yale yaliyopashwa na jua, hadi ukingo wa upande wa pili. Mvuvi mvivu hukaa upande uliotulia kwa sababu mshipi haumsumbui. Mvuvi anayejua hukaa pale upepo unapomaliza safari yake, ukingo wa kaskazini au wa magharibi, maana joto limerundikana huko, na vidudu vimesukumwa huko, na samaki wamevifuata.

Mtazame kijana anayejua kazi hii. Hakimbilii maji. Anasimama mbali kidogo, anachuchumaa nyuma ya matete, kivuli chake kinaangukia nyuma. Kwa nini? Masika maji ni tope tupu, samaki hakuoni. Kipupwe mvua haileti udongo tena, maji yametulia na kung'aa. Ukiona mawe ya chini, jua na wewe unaonekana. Nguo yake ni ya rangi ya vumbi. Ndoano aliyofunga ni ndogo, mshipi ni mwembamba, na chambo ni kipande kifupi cha nyungunyungu. Asiye mzoefu huweka nyungunyungu mzima anayening'inia, akidhani ukubwa utamvutia samaki. Samaki wa baridi hana haja ya mlo mkubwa. Boya lake ni kipande cha tete kilichokauka, urefu wa kidole. Anarusha kwa utulivu, pembeni kabisa ya majani ya mayungiyungi, kisha anaacha. Havuti. Hatikisi.

Na sasa angalia boya. Masika perege akichukua chambo boya linazama ghafla, hata mtoto anajua. Kipupwe halizami. Linainama kidogo. Linasimama tena. Linasogea upande, upana wa ukucha, kinyume na upepo unavyovuma. Hapo ndipo samaki amekiweka chambo midomoni na anakionja. Ukivuta sasa, unampokonya. Kijana anangoja hadi boya lianze kwenda, polepole, kama mtu anayeondoka bila kuaga, ndipo anainua ufito kwa kifundo cha mkono tu. Mshipi unakaza.

Yule mwindaji wa mdomo mpana anataka mbinu nyingine. Yeye hahangaiki na donge la ugali. Anataka kitu kinachofanana na kisamaki au panzi aliyeanguka majini, kipite karibu na maficho yake, lakini kipite taratibu. Kwa baridi hamkimbilii windo la mbali. Kitu kikipita mbele ya pua kwa mwendo wa mgonjwa, hapo anajitutumua. Kambare ni wa jioni na usiku, anafuata harufu. Utumbo wa kuku unamtosha, na uwekwe chini kabisa kwenye tope, chubwi ikiushikilia.

Jambo moja nisilisahau, maana lina uhai wa mtu ndani yake. Maji yakipungua, mamba na kiboko nao hubanana kwenye mashimo yale yale waliko samaki. Usisimame ndani ya maji. Usichote maji ya kunawa ukiwa umeinama pale pale ulipokuwa unasafisha samaki. Na mtoto asiende peke yake.

Ndugu msikilizaji, nimeyaeleza ya ndoano kwa kirefu kwa sababu ndoano inaendana na majira haya. Inachukua mmoja mmoja. Samaki mdogo unaweza kumrudisha akiwa mzima. Mtu akikaa kutwa na ufito wake atapata kitoweo cha nyumbani, na siku nzuri atapata cha kuuza kidogo. Sasa tuyarudie yale madimbwi.

Maji ya masika yanapokauka mbugani, samaki wenye bahati hurudi mtoni. Wengine wengi hubaki wamenaswa kwenye madimbwi, na kadiri Agosti na Septemba zinavyokwenda, dimbwi linazidi kujikunja. Mengine yatakauka kabisa, na samaki wake watakufa wakivuliwa au wasipovuliwa. Hayo sina ugomvi nayo. Vueni, kausheni kwa moshi, uzeni. Lakini kuna madimbwi yasiyokauka. Kila kijiji kinayajua. Yana kina kirefu zaidi, au yana chemchemi chini, au yana kivuli cha msitu. Humo ndimo wanamobaki wazazi. Mvua za kwanza za Novemba zikija na mbuga zikaanza kulowa, kambare hutoka humo usiku na kupanda kwenye majani yaliyofunikwa na maji kutaga. Perege nao hutawanyika, joto likirudi hujenga viota vyao. Samaki atakayeingia kwenye sufuria yako baada ya masika ni mtoto wa samaki aliyenusurika kwenye dimbwi hilo mwezi Agosti.

Na ni wakati huo huo ambapo kumaliza dimbwi ni rahisi kuliko wakati wowote. Maji ni kidogo, samaki wamezubaa kwa baridi, wamerundikana mahali pamoja. Vijana wanne na kokoro la kuunganisha vyandarua wanalikomba kwa asubuhi moja. Vyandarua vile vimetengenezwa kuzuia mbu, na dawa iliyomo ni sumu kali kwa samaki. Hata kifaranga anayepenya tundu hana hakika ya kupona. Halafu kuna utupa. Nasema wazi kwa sababu sote tunajua mmea huu unaota wapi. Shambani utupa ni rafiki, unarutubisha udongo na kufukuza wadudu. Ukitwangwa na kutiwa majini, unamzuia samaki asiweze kutumia hewa anayoivuta. Masika mkondo ungeipunguza sumu na kuipeleka. Kwenye dimbwi la Agosti maji hayaendi popote, sumu inakaa. Wanakufa wakubwa, wanakufa wadogo, wanakufa vyura na vidudu ambavyo ndivyo chakula cha samaki wa mwaka unaofuata. Anayefanya hivyo anapata matenga mawili na kuacha kaburi.

Sheria ipo. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 inakataza sumu, baruti na zana haramu, Tanzania Bara nzima, ziwani na dimbwini. Lakini hebu tuseme ukweli: afisa uvuvi mmoja wa wilaya na pikipiki yake hawezi kulinda kila dimbwi kati ya hapa na Muyovozi. Wa kulinda ni wanaoishi karibu nalo.

Najua kuna watakaosema tatizo ni wingi wa watu, na watanyoosha kidole kwenye kambi za wakimbizi. Tuwe waadilifu. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu tangu 1996, na wengi wa wenzetu wa Nyarugusu wametoka Fizi na Uvira kule Kongo, watu waliolelewa na samaki wa ziwa. Wanapenda kitoweo kama sisi tunavyokipenda. Soko limekua, kweli. Ila anayetwanga utupa mara nyingi ni mtu anayelijua dimbwi tangu utoto wake.

Wengine watasema dawa ni kufuga. Nakubaliana nao, na kwa wenye mabwawa ya nyumbani nina maneno mawili. La kwanza, kipupwe usilishe samaki wako asubuhi. Chakula kinazama, kinaoza, kinaharibu maji, nao hawajaamka. Lisha saa saba au saa nane mchana, na upunguze kipimo. Ukiona wanachelewa kuja juu, acha hapo hapo. Usikate tamaa wakidumaa Juni na Julai, joto likirudi watakimbia.

La pili ni zito zaidi. Angalia unafuga perege gani na maji yako yanamwagikia wapi. Sato anakua haraka, anapendwa, na amesambazwa katika maji mengi ya Tanzania. Lakini sato akitoroka na kuingia mtoni huchanganyika kwa uzazi na perege wa asili, na akiwazidi nguvu huwapokonya mahali pa kutagia. Wazee wa Ziwa Victoria wanawakumbuka ngege na mbiru. Walikuwa ndio samaki wa ziwa lile. Miaka ya 1950 wakaletwa sato na sangara, na uvuvi ukazidi. Leo muulize kijana wa Mwanza kama amewahi kula ngege. Karomo na ndugu yake wa Malagarasi hawana ziwa jingine la kukimbilia. Bwawa lako likiwa bondeni, kando ya kijito kinachoshuka Malagarasi, weka wavu mzuri kwenye mdomo wa kutolea maji, na liwe na tuta lisilobomolewa na mvua. Ushauri unapatikana mkoani kwetu: Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo Kigoma, na Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, wana chuo Kibirizi. Nendeni mkawaulize juu ya vifaranga wa asili ya huku. Wakiulizwa na wengi, watatafuta jibu.

Namalizia kwa jambo linalowezekana wiki hii. Kijiji kina mamlaka yake. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, wananchi wakazijadili mkutanoni, na halmashauri ya wilaya ikaziidhinisha. Vijiji vyetu vingi vina sheria ndogo za kulinda vyanzo vya maji na misitu. Dimbwi lisilokauka ni chanzo cha maji na ni ghala la mbegu ya samaki, kwa nini lisiingie humo?

Mwenyekiti wa kijiji unayenisikia, na wewe mtendaji: mkutano mkuu wa kijiji wa robo hii, Julai hadi Septemba, tieni ajenda moja ya samaki. Wazee wataje madimbwi ambayo hayajawahi kukauka katika kumbukumbu zao. Chagueni hata moja tu, liwekewe mipaka, lisitiwe wavu, mgono wala utupa tangu Agosti hadi mvua zitakaposhika. Ndoano iruhusiwe kwa mlo wa nyumbani, mchana, na jike mwenye mayai kinywani arudishwe. Mama zangu wa sokoni, mkiletewa samaki wadogo wengi wa ukubwa wa kidole, wote wana macho meupe na hawana alama ya wavu wala ndoano, msinunue. Huenda hao wameuawa kwa sumu, na mnayajua maji walikotoka. Na wewe kijana mwenye ufito, mvua za kwanza zikinyesha Novemba, nenda usiku na tochi kwenye mbuga inayopakana na dimbwi mliloliacha. Utawaona kambare wakipita kwenye majani, migongo nje ya maji. Wahesabu, kisha uje utueleze hapa redioni.